Mwanzo Huchapwa Mwisho

Ukinipa mkono, usibane. Nawaambia mapema ninyi vijana mnaokuja kunisalimia hapa Mabawa, Tanga, na heshima zenu na nguvu zenu za ugali. Vidole hivi vilishika herufi za risasi tangu ndevu hazijaota mpaka zilipoota mvi, na sasa vimekauka, havikunji wala havikunjuki vizuri. Shikamoo yako inanitosha. Keti, sema haja yako.

Haja yenu naijua. Mnataka niwaeleze kazi ya kupiga chapa ilivyokuwa, maana ninyi mnabonyeza vitufe na maneno yanakwenda yenyewe mahali pake. Nitawaeleza, ila kwa namna yangu. Nimechoka, na mtu aliyechoka hanyooshi mambo. Tena mengi yatakuwa habari za kitabu kimoja na mwanamke mmoja. Nimepanga kadi za harusi, risiti za mashamba ya mkonge, matangazo ya sinema na ratiba za treni, yote yamekwenda na maji. Kitabu kile kimebaki kifuani.

Kwanza kazi yenyewe. Kila herufi ilikuwa kijiti kifupi cha risasi chenye sura ya herufi kichwani, imegeuka kama uionavyo kwenye kioo. Mpangaji alisimama mbele ya sanduku la vijumba vingi, akaokota herufi moja moja, akazipanga kwenye chuma cha mkononi, vichwa chini. Ukizoea unasoma dunia nzima kichwa chini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema hata yeye namtazama hivyo, ndiyo maana sijui amekasirika au amefurahi.

Ukurasa ukikamilika unafungwa kwa uzi, unapakwa wino, unapigwa prufu ya kusomea makosa, unasahihishwa, unachapwa. Halafu inakuja kazi isiyosifiwa na mtu: kuosha herufi na kuzirudisha kila moja kijumbani mwake. Chapakhana yetu haikuwa na herufi za kuacha kitabu kizima kimesimama. Tulipanga kurasa chache, tukachapa, tukazivunja, tukapanga nyingine kwa herufi zile zile. Ukurasa ukishavunjwa umekwenda, hata mwenye kitabu alie machozi ya damu. Lishikeni hilo.

Aliyenifunza ni Fundi Mwinyi, mtu wa Tongoni, mfupi, mwenye ulimi mkali na tasbihi mfukoni. Siku yangu ya kwanza niliangusha sanduku zima, herufi zikasambaa sakafuni mpaka chini ya mashine. Nilingoja kofi. Fundi akavuta mkeka, akaniambia, "Kaa. Ziokote, uzipange. Ukimaliza utakuwa umezijua kwa majina." Nilikaa pale mpaka magoti yakaota sugu, na kweli nilipoinuka nilizijua. Jambo la pili alilonifunza ni kunawa kabla ya kula. "Risasi haina haraka," alikuwa akisema. "Inakungoja uzeeni." Sikunawa kila mara, nanyi mnaiona mikono yangu.

Kuna jambo la tatu, ambalo hamtalikuta katika kitabu chochote cha ufundi. Herufi zetu zilitoka Ulaya, zimegawanywa kwa kufuata Kiingereza: e tele, a chache, k za kuhesabu. Kiswahili kinakula a kama mchwa. Ukipanga shairi refu, katikati a zimekwisha, unabaki unamtazama Fundi naye anamlaani mshairi. Kwa hiyo kitabu cha Kiingereza kilipoingia tulifurahi. Tulikipanga pamoja na kigazeti chetu cha kila wiki, kimoja kinakula e, kingine kinakula a, na njaa ikapungua.

Kitabu hicho ndicho cha Bibi Sisilia. Alitoka kisiwa kimoja cha Karibi, ng'ambo ya pili ya dunia, huko ambako babu wa babu zao walipelekwa utumwani kulima miwa. Kwao alijulikana kwa mashairi. Tanga alikuja kufundisha katika shule ya wasichana ya misheni, miaka ile ya hamsini, mkonge ungali na bei na watu wa siasa wameanza kukodi kumbi za ngoma. Aliingia kwetu rangi yake kama yangu, kofia kichwani, glavu mikononi, katika joto lile la Februari, akatuamkia kwa Kiingereza chenye mahadhi.

Fundi akaninong'oneza, "Huyu wetu au wao?"

Swali hilo lilimfuata mji mzima. Sokoni muuza samaki alimsemesha Kidigo, na asipojibiwa akatangaza kwamba bibi anaringa. Wazungu kwenye klabu yao hawakumkaribisha, na sisi tulimwamkia kwa haya kama tunavyomwamkia daktari. Nilimhurumia, ingawa ukimwonyesha huruma alikutazama mpaka ukaangalia viatu vyako. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha shule, kwa hiyo nikawa mpangaji wake na mkalimani wake, kazi mbili kwa mshahara wa moja.

Kilikuwa kitabu cha maisha yake. Wachapaji wa Ulaya walimrudishia, akaamua kukitoa mwenyewe, hapa hapa, mbele ya macho yake. Ndani yake mlikuwa na mama yake aliyeuza kungumanga na kakao gulioni kwa sauti iliyosikika mpaka kilima cha pili. Mlikuwa na tufani iliyong'oa paa la kanisa wakati wa ubatizo, padri akamalizia kumwaga maji mvua ikimsaidia. Kati ya sura na sura mlikuwa na mashairi mafupi. Sikuelewa kila neno, lakini ukikipanga kitabu cha mtu herufi kwa herufi unamjua kuliko jirani yake. Alikuwa mwandishi wa kufuta. Prufu zake zilirudi nyekundu kama mtu aliyekuna upele, na mimi nikanuna, na yeye akaniletea peremende.

Sura mojawapo ya mwanzo ilikuwa ya baba yake. Baba huyo, jina lake Jeremia, aliondoka kwao askari katika vita vile vya kwanza, Mwingereza akawaleta kwa meli kuja kupigana na Mjerumani huku kwetu. Binti yake alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Vita vikaisha, kwao ikafika habari kwamba amekufa Tanga. Kaburi halikutajwa. Mama, msichana bado, akavaa nguo nyeusi na hakuzivua tena. Walikuja wanaume wa maana kumposa, mwenye duka na mzee wa kanisa aliyefiwa na mke, akawarudisha mlangoni: mimi ni mke wa mtu. Bibi Sisilia alimwandika baba yake ameanguka uso ukielekea kwa adui. Ilikuwa sura nzuri, nami si mtu wa kusifu.

Nilipomsomea Fundi maana yake, akaweka chuma chini. "Basi huyu hakuja kufundisha," akasema. "Kaja kutafuta mifupa."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikwisha kuzunguka makaburi yote ya askari hapa mjini na nje ya mji, jina hakuliona. Akaomba tumtilie tangazo kwenye kigazeti: anayejua alipozikwa fulani, aje. Fundi akakataa.

"Tangazo watu hufungia dagaa," akasema. "Shairi hukaa kichwani. Mwambie anipe maneno, nitampa mizani."

Bibi alipotafsiriwa alitabasamu, nadhani mara ya kwanza tangu tumjue. Wakakaa hapo kwenye benchi, mshairi wa Karibi na mshairi wa Tongoni, mimi katikati nikitoka jasho, mpaka likatoka hili:

Nauliza wa mjini, wa bondeni na milima,
Baba alikuja pwani, vitani akasimama,
Yuko kaburini gani, nikamwombee rehema?
Wenye kujua neneni, kimya kimeniandama.

Sasa nyinyi watoto wa siku hizi hamjui adabu ya mashairi. Kwetu shairi likisomwa halikai bila jibu, ni kama salamu. Na kwa kuwa washairi wetu wamezoea mafumbo, hawakuamini kwamba mtu anaweza kuuliza kaburi akiwa anataka kaburi. Majibu yakamiminika. Mmoja wa Pangani akasema baba aliyepotea ni dini, na kaburi ni mioyo yetu. Mwalimu mmoja akasema baba ni Uhuru, hajafa, yuko njiani, na akatumia k nyingi mpaka tukaziazima kwa chapakhana ya jirani. Mzee mmoja hapa hapa mjini alijibu kwa beti ndefu kwamba ameelewa, bibi huyu hana baba wala nini, anatafuta mume, naye yupo, ana mnazi na nyumba ya bati.

Nilimtafsiria yote. Akacheka mpaka akavua miwani. "Nimeuliza kaburi, wananipa Uhuru na mnazi," akasema. Lakini wiki zilivyopita akaacha kucheka, akawa akiuliza tu, "Leo lipo kaburi?" nami nikitikisa kichwa. Kazi haikungoja. Sura ya baba tuliichapa, tukaivunja, tukaendelea na zilizofuata. Kitabu kikawa kinakaribia ukingoni.

Halafu Jumatatu moja akaingia mwanamke wa makamo, kanga zimefifia, kikapu cha mihogo kichwani na kuku mkononi. Alimwamkia Fundi kwa Kibondei kwanza, kisha kwa Kiswahili.

"Shikamoo, baba. Nimetoka Maramba. Nimekuja kujibu."

Fundi, ambaye alishachoka na majibu, akaniashiria nichukue kalamu. "Marahaba, mwanangu. Haya, lete. Mistari minne, tafadhali, herufi zimekwisha."

"Sina shairi, baba," akasema yule mwanamke. "Nina kaburi."

Hakujua kusoma. Shairi lile alilisikia kwa dereva wa lori aliyekuwa akiliimba gulioni Maramba huku anapakia mahindi. Kila dereva alipofika kwenye neno la kaburi, mwanamke alisogea karibu, mpaka akamfuata akamwuliza wimbo umetoka wapi. Dereva akamwambia kwenye chapakhana, Tanga. Basi akaja kwenye chapakhana, kwa sababu aliamini aliyelichapa ndiye aliyeuliza.

Nilikwenda mbio shuleni kumwita Bibi. Alikuja bila kofia. Wakaketi wakitazamana, na kabla hata hawajasema nikaona paji la uso moja katika vichwa viwili.

"Mwulize jina lake," akaniambia Bibi.

Nikauliza. "Sisilia," akasema.

"Nimeuliza jina lake yeye," Bibi akanigeukia kwa ukali, akidhani nimechanganya. "Si langu."

"Ndilo," nikamwambia. Mwanamke mwenyewe akarudia, "Sisilia binti Jeremia."

Yule mwanamke alikuwa akifuata uso wa mwenziwe. Akasema polepole, ili nisikose: "Baba alisema kwao alimwacha mtoto, anaanza kutembea. Akanipa mimi jina lake asije akalisahau. Nilikuwa nataka kumwona huyo mwenye jina tangu mdogo."

Habari ilikuwa fupi, nami nitaifupisha zaidi. Askari yule alishikwa na homa kali, wenziwe wakapelekwa kusini, yeye akaachwa kwa wanakijiji afe. Msichana wa Kibondei alimuuguza. Alipoinuka vita vimesogea mbali, na alipopata habari kwamba kwao ameandikwa amekufa, alisema, "Kama nimekwisha kufa kule, niacheni niishi huku." Akalima mahindi Maramba, akazaa binti mmoja, akafa kwa maradhi ya kawaida ya uzee, kitandani kwake, miaka michache kabla ya siku ile.

Bibi Sisilia alisimama. Sijapata kuona mtu akighadhibika vile bila kupaza sauti. Alisema mama yake ameikataa dunia kwa ajili ya mtu aliyekuwa akila mahindi Maramba. Alisema maneno mengine pia. Nikatafsiri nusu.

"Sema na ile nusu nyingine," yule mwanamke akaniambia. "Mimi si mtoto."

Nikasema. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kuku wake mapajani. Nilipomaliza akasema, "Ana haki. Sikuja kumtetea marehemu, na sitaki kitu. Nimeambiwa hapa kwamba bibi anaandika kitabu cha kwao na baba yumo. Kama baba ameandikwa, na mimi niandikwe. Ni hilo tu."

Bibi akajibu kwamba kitabu ni cha mama yake, mama amezeeka, macho yake yamefifia na kinangojwa ili asomewe. Hatapelekewa habari kwamba amefanywa mjane bure. Kaburi limejibiwa, asante, na sura imekwisha kuchapwa. Akaondoka. Yule wa Maramba akamwachia Fundi kuku na mihogo, akaenda kutafuta gari la kurudi. Nilikasirika, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani. Wote wawili walikuwa na haki, na haki mbili zikikutana mlangoni hakuna inayopita.

Baada ya hapo Bibi hakuonekana kwetu. Mwenye chapakhana, Mhindi mpole aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu wa kupenda kazi iishe, akawa anauliza kila siku yale makaratasi yaliyojaa stoo yataondoka lini. Ninyi mnadhani uchapaji ni wino. Nusu yake ni kungoja watu waamue. Nimengoja wenye harusi waamue bwana arusi ni nani, nimengoja wanasiasa waamue wanataka nini. Baadaye zilipokuja mashine za kuyeyusha risasi na kutoa mstari mzima kwa pigo moja, watu walisema sasa kungoja kumekwisha. Fundi alizitazama akasema, "Mashine inakwenda mbio, mwenye maneno bado anakwenda kwa miguu." Akakataa kuzigusa, akarudi kwao Tongoni, na hakuishi sana. Simlaumu. Mimi nilizigusa, na sikupata raha yoyote ya ziada.

Turudi. Siku moja Bibi alikuja akasimama mlangoni, akaniambia, "Nipeleke." Hakusema wapi.

Tulikwenda na lori la mahindi, yeye mbele na mimi juu ya magunia. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa ya udongo, safi, na kaburi lilikuwa nyuma yake, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, msalaba wa mti kichwani. Palikuwa pamefagiwa siku ile ile, na hatukuwa tumetoa taarifa. Bibi alisimama pale muda mrefu. Nilidhani anaomba. Alipofungua mdomo alisema kwa Kiingereza, "Ungetuma hata neno moja," akasema tena vile vile.

Mdogo wake alikaa mbali kwa adabu. Lakini watoto hawana umbali. Walijipanga mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, wakamjia kumwamkia, wa mwisho akiwa na suruali isiyo na kifungo ameishikilia kwa mkono.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Shikamoo, mama mkubwa."

Marahaba alikuwa amejifunza shuleni. Neno lile la pili aliniuliza. Nikamweleza kwamba kwetu dada wa mama si mgeni wa nyumba, ni mama mwenyewe, tena mkubwa, na kwamba hawa watoto hawakumpa heshima, wamemwambia tu alivyo. Hakuwa na mtoto, Bibi Sisilia. Akamshika yule wa mwisho, akavua pini kwenye kola yake, akamfungia suruali. Kisha akaketi kwenye mkeka, akala alichopewa, na yeye na mwenye jina lake wakazungumza mpaka lori lilipopiga honi. Mimi nilikuwa natafsiri mwanzoni. Baadaye, kwa Kiswahili chake kidogo cha shuleni na kwa mikono, sikuhitajika.

Alipokuja chapakhana aliuliza kama sura ya baba inaweza kubadilishwa. Fundi akamwonyesha masanduku: herufi zilikwisha kuvunjwa zamani, zikawa mnazi wa yule mzee na Uhuru wa yule mwalimu. Karatasi zile zilizochapwa zimejaa stoo, na nyingine za kuchapa upya hazipo.

"Kimebaki nini basi?" akauliza.

"Mwanzo," Fundi akasema. "Mwanzo huchapwa mwisho."

Hiyo nayo ni siri ya kazi, na siyo siri. Ukurasa wenye jina la kitabu, orodha ya sura, na ule mdogo ambao mwandishi anasema kitabu ni cha nani, hupangwa baada ya vyote, maana mpaka hapo hujui kitabu kina nini. Msomaji anaukuta kwanza. Sisi tunamalizia nao.

Bibi akaomba kalamu. Akaandika akiwa amesimama, na safari hii hakufuta. Mimi nilipanga yale maneno mwenyewe. Kwa Kiswahili yalikuwa hivi: Kwa mdogo wangu Sisilia, binti Jeremia, wa Maramba. Baba yetu amezikwa nyumbani kwake, alikoishi mpaka uzeeni. Sura yake nimeiacha kama nilivyoiandika, kabla sijajua.

Fundi, ambaye hakuwa na desturi ya kuwauliza wateja mambo yao, aliniambia nimwulize, "Na mama?"

"Mama atasomewa kuanzia mwanzo," Bibi akajibu. "Hajapata kuruka ukurasa." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini glavu ya mkono wa kushoto aliivaa wa kulia. Nami niliogopa kwa niaba yake. Nilitia wino kwenye ukurasa ule kama mtu anayewasha moto asiojua utafika wapi.

Vitabu vilikwenda kwa meli. Vya Maramba nilivipeleka mimi. Yule mwanamke aliniomba nimwonyeshe lilipo jina lake, nikamwonyesha, akaweka kidole juu yake akakiacha hapo wakati wote tunazungumza habari za mvua. Kwa upande wa wasomi, nikwambieni ukweli, mimi na Fundi tuliharibikiwa jina. Mtu mmoja wa huko Ulaya aliandika gazetini kwamba mashairi ni mazuri, lakini wachapaji wa Afrika wamefanya kosa la kijinga, baba anaishi mpaka uzeeni mwanzoni mwa kitabu na kufa kijana katika sura ya mbele, na kwamba inaelekea wamechanganya karatasi za vitabu viwili. Fundi aliposomewa alisema, "Mwache." Nasi tulimwacha. Mchapaji akianza kujitetea hatapata muda wa kuchapa.

Kutoka kwa mama hakuja neno. Bibi alisahihisha madaftari ya wasichana, akatuletea vijikazi vya shule, akapungua mwili. Hatukumwuliza. Kwamba amemuua mama yake kwa kitabu, hilo hakulisema ila mara moja, tena akiwa anatazama nje.

Barua ilipofika, iliandikwa na binamu. Alikuja nayo kwangu imekunjwa mara nyingi, akasema twende Maramba, maana limo swali ambalo hataki kulikosea kwa Kiswahili chake.

Tulimkuta mdogo wake uani anapukuchua mahindi. Bibi akaketi naye kwenye gunia, akanisomea, nami nikasema. Binamu alieleza kwamba bibi mzee alisomewa ule ukurasa wa mwanzo, akaamuru urudiwe. Akaamuru kitabu kifungwe. Akakaa siku hizo zote bila kukitaja, anakula, anasali, anawajibu watu, ila hilo halitaji. Mpaka asubuhi moja, anasukwa nywele, akasema: mwandikieni mwanangu amwulize yule mtoto wa huko, baba yake aliendelea kukoroma?

Nikalisema swali. Yule mwanamke alicheka ghafla, mahindi yakamtoka mkononi, kisha uso ukamharibika, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwambie mama," akasema, "alikoroma. Alikoroma mpaka siku ya mwisho. Tulikuwa tunamgeuza ubavu, ndiyo ananyamaza."

Bibi Sisilia hakungoja tafsiri. "Na mama alikuwa akimgeuza ubavu," akasema. "Aliniambia."

Akatoa karatasi, akaiweka juu ya goti aandike jibu hapo hapo, wakati maneno yangali ya moto. Aliandika mstari, akaufuta. Aliandika tena, akafuta, akanipa kalamu, nikaandika mimi.